Visiki viling'olewaje kabla ya buldoza, na ufanyeje na vya mikaratusi yako

Swali la msomaji wa Mafinga: "Shikamoo mtaalamu. Nimevuna mikaratusi kwenye ekari mbili, nataka nilime mahindi na baadaye nipande parachichi. Visiki vimejaa shamba zima, na mwenye buldoza anataka hela ambayo hata miti yenyewe haikunipa. Nimeona mtandaoni picha ya zamani: magurudumu mawili marefu kupita paa la nyumba, katikati gogo, wanyama wanavuta kamba na kisiki kinapanda juu. Ni kitu cha kweli? Kilifanyaje kazi? Na fundi wa hapa kwetu anaweza kunitengenezea?"

Marahaba. Mashine hiyo ilikuwepo kweli, ingawa picha uliyoiona lazima ni ya kuchorwa, maana siku hizo kamera zilikuwa bado. Ni ya jimbo la New York, Marekani, kwenye uchimbaji wa mfereji wa Erie ulioanza tarehe 4 Julai 1817 na kukamilika mwaka 1825. Mfereji ule una urefu wa kilometa 584 hivi, na sehemu kubwa ulikatisha misitu ya miti minene. Mkulima anaweza kulima akakizunguka kisiki. Mchimba mfereji hawezi, boti itapita wapi? Ndiyo maana mtambo mkubwa namna ile ulizaliwa kwenye mfereji, haukuzaliwa kwenye shamba la mtu.

Vipimo vyake ni hivi. Magurudumu mawili ya nje yalikuwa na kipenyo cha meta 4.9 kila moja. Yaliunganishwa na gogo lenye urefu wa meta 9 na unene wa sentimeta 51, ambalo ndilo lilikuwa ekseli. Katikati ya gogo palifungwa gurudumu la tatu, dogo kidogo, la meta 4.3, na hili spoku zake zilishikamana na gogo moja kwa moja, kwa hiyo likizunguka na gogo linazunguka. Mtambo ulisukumwa mpaka kisiki kikawa chini ya gogo, magurudumu ya nje yakazuiwa yasitembee. Mnyororo ulifungwa kwenye gogo, ncha ya pili ikazungushwa kwenye kisiki. Kamba ilizungushwa mara kadhaa kwenye gurudumu la katikati, na ncha yake wakafungwa farasi au maksai. Wanyama wakitembea, kamba inafunguka, gurudumu linazunguka, gogo linajiviringishia mnyororo, kisiki kinapanda.

Siri iko kwenye tofauti ya vipenyo. Gawanya sentimeta 427 za gurudumu kwa sentimeta 51 za gogo, unapata 8.4. Maana yake kilo 150 ambazo jozi ya maksai inaweza kuzivuta kwa utulivu zinageuka kilo 1,260 kwenye mnyororo, na wakijikaza kwa dakika moja zinapita hapo. Bei yake ni mwendo: wanyama watembee meta 8.4 ili kisiki kipande meta 1. Hakuna mashine ya kung'oa visiki, ya jana wala ya leo, iliyokwepa bei hiyo. Kwa mtambo ule, wanaume 7 na jozi moja ya wanyama waliweza kung'oa visiki 30 hadi 40 kwa siku.

Sasa, watu wote wakiona picha ile wanashangaa magurudumu. Mimi kinachonivutia ni vitu viwili vingine vilivyotumika kwenye mfereji huohuo. Cha kwanza ni plau nzito yenye kisu kikubwa, iliyokokotwa na maksai, kazi yake kukata mizizi midogo ndani ya ardhi. Cha pili ni kamba iliyofungwa juu kabisa kwenye mti uliosimama, ncha ya pili ikavutwa na rola yenye skrubu iliyozungushwa kwa mkono na mtu mmoja, mpaka mti ukaanguka bila shoka. Hivyo viwili viliipunguzia kazi mashine ya magurudumu. Nguvu ya kupindua inategemea urefu: ukivuta mti kwenye meta 6 kutoka ardhini, unapata mara 20 ya nguvu ya kupindua ambayo ungepata kwa kuvuta palepale kwenye sentimeta 30. Shina lenyewe ni wenzo, na sisi tunalikata kwanza, tunaliuza, halafu ndipo tunaanza kulalamika kwamba kisiki ni kigumu.

Hebu nirudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo picha haisemi. Jembe la mkono halina ugomvi na kisiki. Mababu zetu walifyeka, wakachoma, wakapanda mtama katikati ya visiki, na hata walowezi wa Marekani walifanya vivyo hivyo kwa mahindi miaka ya mwanzo. Ugomvi unaanza plau inapoingia. Plau ikigonga mzizi, ama ncha inavunjika, ama mnyama anaumia shingo, ama mshika mikono anarushwa. Kwa hiyo historia ya kung'oa visiki ni historia ya watu waliotaka kulima kwa plau mapema kuliko mizizi inavyotaka kuoza.

Mahali palipohitaji sana mashine hizi ni majimbo ya Maziwa Makuu ya Marekani: Michigan, Wisconsin na Minnesota. Kampuni za mbao zilifyeka misonobari myeupe huko katika nusu ya pili ya karne ya 19, zikabeba magogo, zikaacha visiki, na ardhi ikauzwa kwa wahamiaji kama mashamba. Visiki vya miti ya majani mapana ya huko, kama ile inayoitwa 'maple' na 'beech', huoza kwa miaka kadhaa, unasubiri tu. Msonobari mweupe umejaa utomvu. Kisiki chake kinaweza kukaa miongo na miongo kikiwa kizima. Ila una faida moja: mizizi yake imetambaa kwa upana bila kwenda chini sana, kwa hiyo ukikipata pembeni kinabiruka na sahani nzima ya mizizi. Wakulima waliving'oa, wakavipanga ubavu kwa ubavu mizizi ikitazama nje, wakapata uzio ambao ng'ombe hapiti.

Soko la namna hiyo ndilo lililolisha kampuni kama Hercules ya Centerville, Iowa, na Kirstin ya Escanaba, Michigan. Hercules iliuza mashine ya kuzungushwa na farasi. Acha nikueleze inavyokaa shambani, maana hii ndiyo iliyo karibu zaidi na unachokitaka wewe.

Katikati ya eneo kuna ngoma ya chuma iliyosimama wima, imefungwa kwa mnyororo kwenye kisiki kikubwa kuliko vyote, ambacho ndicho nanga. Juu ya ngoma kuna mti mrefu uliolala, na ncha yake amefungwa farasi. Farasi anazunguka duara, ngoma inajiviringishia waya, na kila mzunguko lazima auruke waya ulionyooka kuelekea kisiki kinachovutwa. Farasi mgeni anausitia, mzoefu anainua miguu bila kuambiwa. Chini ya ngoma kuna gurudumu la meno lenye ulimi wa chuma unaozuia lisirudi nyuma.

Tufanye hesabu. Tuseme mti wa kuzungushia una meta 3 na ngoma ina nusu kipenyo cha sentimeta 15. Uwiano ni 20. Farasi wa kilo 700 anavuta kwa mfululizo kama moja ya kumi ya uzito wake, yaani kilo 70. Kwenye waya unapata kilo 1,400. Ukiongeza kapi moja kwenye kisiki na kuurudisha waya kwenye nanga, unapata 2,800, kasoro kinacholiwa na msuguano. Na bei? Kila mzunguko farasi anatembea meta 18.8, waya unaingia sentimeta 94, na kwa kuwa kuna kapi, kisiki kinasogea sentimeta 47 tu. Ni kazi ya pole pole kama foleni ya Kimara. Lakini upole huo ndio dawa, kwa sababu mizizi haikatiki yote kwa pamoja. Kwanza udongo unapasuka duara kukizunguka kisiki. Halafu unasikia mizizi inalia ndani ya ardhi, mmoja, kimya, wa pili. Upande wa nyuma unainuka, na hapo mtu mwenye shoka anaukata mzizi ulioning'inia kabla ya farasi kuendelea, huku ulimi wa chuma umeshikilia mzigo wote.

Ulimi huo ndio uliogawa mashine nzuri na mashine ya kuua. Ukikatika, au ukiteleza kwenye jino, mti wa kuzungushia unarudi nyuma kwa kasi ya ajabu, na aliye kwenye njia yake, mnyama au mtu, hana nafasi.

Kirstin wao walikwenda njia nyingine: mashine ya mtu mmoja, bila mnyama, wenzo mrefu wa kusukuma mbele na nyuma huku waya ukivutwa hatua kwa hatua. Ilikuwa ya polepole zaidi ya ile ya farasi, lakini ilibebeka hadi kwenye kilima na bonde ambako farasi hawezi kuzunguka. Kwa macho ya leo, hiyo ndiyo iliyoshinda: winchi za mkono za wenzo zinazotumiwa na mafundi leo zinafanya kazi kwa wazo lilelile. Kulikuwa pia na mashine za miguu mitatu zenye skrubu kubwa juu, zinazovuta kisiki wima. Zinapendeza kwenye mchoro. Shambani miguu huzama kwenye udongo laini, na kisiki kinachovutwa wima kinapanda na udongo wake wote, kwa hiyo unanyanyua shimo zima. Sizipendi.

Baruti nayo ilitumika sana, hasa baada ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Marekani ilipowagawia wakulima milipuko iliyobaki jeshini ili wapasulie visiki. Kwako hilo liache hapo hapo. Sheria za baruti ni kali na zina sababu.

Sasa nikupeleke Australia, kwa sababu adui yako ametoka huko. Mikaratusi ni miti ya kwao, na kusini mwa nchi ile kuna aina fupi fupi inayoitwa 'mallee' (tamka mali), yenye donge kubwa la mti chini ya ardhi. Ukikata juu, donge linachipua. Ukichoma, linachipua. Mwaka 1878 serikali ya Australia Kusini iliahidi zawadi ya pauni 200 kwa atakayetengeneza mashine inayofaa ya kuling'oa. Lakini jibu lililobadilisha kilimo cha pale lilikuwa limeshapatikana miaka miwili kabla, na halikung'oa kitu. Mwaka 1876 Richard Bowyer Smith, akisaidiana na ndugu yake Clarence, alitengeneza plau ambayo kila ncha imefungwa kwa bawaba na kuwekewa uzito. Ncha ikigonga mzizi inainuka, inauruka, halafu uzito unairudisha chini upande wa pili. Wakulima wa sehemu zile walilima ngano juu ya visiki, na madonge waliyakusanya pole pole kila msimu yalipojitokeza. Kwangu mimi huo ni uhandisi bora kuliko magurudumu ya Erie. Mtu aliuliza kama kuna ulazima wa kuking'oa kisiki, akakuta hakuna.

Na ukitaka kuona yanayotokea swali hilo lisipoulizwa, huna haja ya kwenda mbali. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga hapa Tanganyika: Kongwa kwanza, kisha Urambo na Nachingwea. Mpango ulikuwa kusafisha ekari zaidi ya milioni 3, na 150,000 kati ya hizo mwaka wa kwanza. Zilikuja trekta za mabaki ya vita, na hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa trekta. Mbinu moja iliyotumika ilikuwa kufunga mnyororo mzito kati ya buldoza mbili zinazotembea sambamba, ili uburute kila kilicho mbele. Vichaka vya juu vililala. Kisha ikaja zamu ya mizizi, iliyosukana chini kama mkeka, kwenye udongo wa Kongwa ambao kiangazi unakauka kama tofali na umejaa mchanga unaosaga chuma. Visu vya kukatia mizizi vilipinda, ncha za plau zikalika, trekta zikalala karakana. Mwaka wa kwanza hawakufikia hata moja ya kumi ya ekari walizopanga. Mradi ulifungwa mwaka 1951 na zaidi ya pauni milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Kulikuwa na sababu nyingine, mvua ikiwemo, lakini mizizi ilikuwa kati ya mambo yaliyowachelewesha tangu mwanzo.

Basi, turudi Mafinga. Fundi wako anaweza kutengeneza magurudumu ya meta 4.9? Anaweza, na utakuwa na kivutio cha watalii. Usimwambie atengeneze. Hata ile ya kuzungushwa na mnyama, ambayo maksai wawili wangeiendesha vizuri, sikushauri kuichomelea kwa vyuma chakavu, kwa sababu ya ule ulimi niliokueleza. Tafuta winchi ya mkono ya wenzo na waya. Saizi za kawaida ni ya tani 1.6 na ya tani 3.2, chukua ya 3.2, ya kukodi ikipatikana, pamoja na kapi moja iliyoandikwa uwezo wake. Kapi ikiwa kwenye kisiki, una karibu tani 6 mkononi bila mnyama wala dizeli.

Kabla ya kukodi chochote, lakini, chora shamba lako kwenye karatasi. Mikaratusi iliyopandwa meta 3 kwa 3 ni visiki kama 450 kwa ekari. Parachichi kwa meta 7 kwa 7 ni miche kama 82 kwa ekari. Huhitaji kung'oa 450. Pima mistari ya parachichi kwanza, piga mambo (vijiti vya alama) pale miche itakapokaa, halafu angalia ni visiki vipi viko ndani ya hatua mbili za kila mambo. Ukisogeza mistari meta moja kushoto au kulia unaweza kuokoa nusu ya kazi. Mahindi yako yatalimwa kwa jembe la mkono katikati ya visiki, kama nilivyosema, halina ugomvi navyo. Trekta ndilo litakalogoma, kwa hiyo misimu ya mwanzo lisahau.

Visiki utakavyoviacha vitachipua. Vunja machipukizi yakiwa mafupi na laini, kila yanapotoka, bila kuruka hata mara moja. Kisiki kinaishi kwa akiba ya wanga kwenye mizizi, na kila chipukizi unalovunja limekula akiba hiyo bila kurudisha. Ukiyaacha yakafika kiunoni, umekilisha upya.

Kwenye visiki unavyong'oa, fukua udongo kukizunguka mpaka uone mizizi minene ya pembeni. Ikate yote kwa shoka isipokuwa ule wa upande wa nyuma, mbali na winchi. Mnyororo upitishe chini ya mzizi huo, uuvushe juu ya kisiki kwenda upande wa winchi, ili ukivuta kisiki kibiruke mbele badala ya kuburutwa. Ukivuta shingoni mwa kisiki utakesha. Fanya kazi hii mvua zikielekea mwisho, udongo ukiwa na unyevu lakini haunati. Nanga iwe kisiki kinene kuliko unachokivuta, mnyororo wake ukae chini kabisa usawa wa ardhi, maana nanga nayo inaweza kung'oka ikakujia. Tupia gunia lenye udongo juu ya waya katikati, ili ukikatika usipae. Watoto wakae mbali kuliko urefu wa waya wote. Kisiki kinene kupita sentimeta 30 mwachie yule wa buldoza au kiache kioze.

Na usifukie shimo siku hiyohiyo. Okota vipande vya mizizi vilivyobaki, hasa kwenye mashimo ya parachichi, kwa sababu kuna uyoga wa kuozesha mizizi unaoishi kwenye mizizi mfu ya msitu na kuhamia kwenye miti mipya. Wakulima wa chai wa nyanda za juu wanaujua. Ndiyo maana kwenye chai, mti unaotaka kuondolewa huvuliwa gamba kuzunguka shina mapema kabla ya kukatwa, ili mizizi imalize wanga wake kwanza na uyoga usikute chakula. Kama una kipande kingine cha mikaratusi ambacho hujavuna na unataka kukigeuza shamba, anza na hilo sasa, na ile midogo iangushe kwa winchi ikiwa imesimama, waya ukiwa mrefu kupita mti mara mbili na umefungwa juu kadiri ngazi yako inavyofika salama.